Divai Bora Hukaa Juu ya Mafiga Matatu

Imeenea dhana miongoni mwa wasomi wetu kwamba ubora wa divai nyekundu ya Ufaransa ni tunu ya ardhi tu. Kwamba Wafaransa walijaliwa udongo mwema, wakapanda mizabibu na kukinga mapipa. Dhana hii inapotosha, na haifai kuachwa ipenye madarasani. Divai bora, mithili ya chungu jikoni, hukaa juu ya mafiga matatu: hali ya hewa, shamba na mkono wa mtengenezaji. Figa moja likiondolewa, chungu hupinduka.

Nianze na lugha, kwani ndiyo taaluma yangu. Katika Kifaransa cha kawaida, neno climat lina maana ya hali ya hewa ya mahali. Lakini katika eneo la Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, neno hilohilo humaanisha kipande cha shamba la mizabibu chenye mipaka na jina lake. Vipande hivyo ni 1,247, na mwaka wa 2015 UNESCO iliviingiza katika orodha ya turathi za dunia. Neno moja limebeba ardhi na anga iliyo juu yake.

Tuchukue mfano wa Clos de Vougeot, shamba ambalo watawa wa Cîteaux walilizungushia ukuta karne nyingi zilizopita. Lina hekta 50 hivi, na zabibu zake ni Pinot Noir. Sehemu ya juu ya mteremko ina udongo haba juu ya mawe ya chokaa, na maji ya mvua hayatuami. Sehemu ya chini ina mfinyanzi mzito unaoshika unyevu. Mzabibu usioshiba maji huzaa zabibu ndogo, zenye ganda jingi kuliko maji yake. Jambo hili lina uzito, kwa sababu rangi ya divai nyekundu, pamoja na ule ukakasi unaobaki ulimini, hutoka katika maganda. Maji ya Pinot Noir yenyewe hayana wekundu.

Hata hivyo, shamba hilo lina wamiliki wapatao 80, na divai zao hazifanani hata pale mashamba yanapopakana. Kwa nini? Mmoja hupogoa sana ili mzabibu uzae kidogo. Mwenzake hutamani wingi. Mmoja huchuma mapema akapata divai yenye asidi kali. Mwingine hungoja sukari iongezeke, nayo sukari ndiyo inayogeuzwa na chachu kuwa kileo. Yupo anayeyaacha maganda siku nyingi katika maji yanayochachuka, na yupo anayeyatoa upesi. Hatimaye huja mapipa ya mwaloni ya lita 228: mapya yakitumiwa bila kiasi, harufu ya mbao huimeza harufu ya zabibu.

Historia nayo inashuhudia. Mwaka wa 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe, kwa kuwa ilizaa kwa wingi divai aliyoiona duni. Mteremko ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni uamuzi wa binadamu.

Leo figa la hali ya hewa linatikisika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2019 kuhusu kumbukumbu za mavuno za mji wa Beaune ulionyesha kwamba tangu 1354 hadi 1987 uchumaji ulianza, kwa wastani, tarehe 28 Septemba. Kati ya 1988 na 2018 ulitangulia kwa siku 13. Joto huongeza sukari na kupunguza asidi. Isitoshe, mizabibu inayochipua mapema huvamiwa na sakitu, kama ilivyotokea Aprili 2021, wakulima walipowasha mioto usiku kunusuru machipukizi.

Tangu 1935 sheria ya Ufaransa imelinda majina ya asili ya divai. Ni sheria njema, lakini jina halizuii joto. Mkulima anayeshikilia desturi za babu zake huku anga imebadilika atabaki na jina lisilo na kitu ndani yake. Na sisi wanaisimu twajua kwamba neno lisilo na maana ni sauti tu. Anayestahili jina hilo ni yule anayebadilisha mkono wake ili ladha idumu. Kanuni nazo zimwachie nafasi ya kufanya hivyo.

Simwaliki mwanafunzi yeyote kwenye kileo. Nawakumbusha walimu kwamba kemia, jiografia, historia na lugha hukutana katika chupa moja. Mwalimu wa Kericho aweza kuuliza maswali hayohayo kuhusu chai: ni mvua, ni mteremko, au ni kidole kinachochuma majani mawili na chipukizi? Mwanafunzi atakayejibu kwamba ni vyote kwa pamoja atakuwa ameelimika.