Majina ya Waliochimba Embakasi

Mtajie Mkenya habari za anga, atakurushia Uhuru. Tarehe 12 Desemba 1970 Wamarekani walirusha satelaiti kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kutafuta eksirei za angani. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya kujitawala, basi wakaipa jina letu. Aprili 2023 ikapanda Taifa-1 kwa roketi ya SpaceX huko California, simu zikawaka mtaani. Sawa kabisa.

Lakini kwani sisi wa Eastlands historia yetu ya ndege ni lazima ianzie Malindi na California? Na ndege zenyewe zinapita juu ya mabati ya Utawala kila kukicha!

Uwanja wa Embakasi ulijengwa wakati wa Hali ya Hatari, na walioujenga wengi wao walikuwa wafungwa, watu waliokamatwa kwa ajili ya Mau Mau. Walilala gerezani palepale Embakasi, asubuhi wakatolewa kuchimba na kubeba mawe chini ya bunduki. Nairobi yenyewe ilikuwa imepepetwa. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, askari walizingira jiji, wakaingia lokesheni za huku kwetu nyumba kwa nyumba, wakazoa watu kwa maelfu.

Mei 1958 Gavana Evelyn Baring akaufungua. Aliyepangiwa kuufungua ni mama yake Malkia, ila safari yake ikakwama Australia. Hebu fikiria: hata mgeni ambaye hakufika tunamjua kwa jina! Aliyepasua lile jiwe tunamwita nani? "Wafungwa." Basi.

Mwaka 1978 jengo jipya lilifunguliwa ng'ambo ya pili ya njia ileile ya ndege, na uwanja ukaitwa Jomo Kenyatta. Naye alifungwa miaka ileile, sikatai. Ila hakubeba mawe Embakasi.

Najua nitaambiwa kuna mnara Uhuru Park tangu 2015, wa walioteswa na wakoloni, tena Waingereza ndio walioulipia baada ya kesi ya London. Upo, na ni haki yao. Lakini Uhuru Park si Embakasi. Anayepanda namba 34 kwenda kazini kubeba mizigo ya watalii hapiti huko.

Wala sitaki kibao cha shaba kilichofichwa nyuma ya ofisi ya meneja. Nataka majina, makubwa, ukutani, pale abiria wanaposubiri masanduku yao. Msituambie hayapatikani. Wakoloni waliandika kila kitu, na mwaka 2011 Uingereza ilikiri kwamba mafaili waliyoyatorosha yalikuwa yamefichwa Hanslope Park. Atafutwe mtu wa kuyasoma, na mwingine wa kwenda kuwauliza wazee. Waliobaki wamegonga miaka tisini. Hao msiwaambie wangoje bajeti ya mwaka ujao.