Breki ya Kupampu Si Breki

Kuna sentensi moja lazima tuizike mwaka huu: "Piga pampu mbili, inashika."

Unaijua. Umebebwa na beshte yako kwa ndai yake, mnafika kwa taa, anakanyaga breki na pedali inaenda chini kama godoro. Anapampu, gari inasimama, halafu anakucheka juu umeshika dashibodi. "Tulia bana, gari nzee ni hivyo."

Zii. Gari nzee si hivyo. Corolla ya 1998 iliyotunzwa inakupa pedali ngumu, ya kuaminika. Rangi inazeeka, viti vinazeeka. Pedali ikianza kuzama kuna kitu kimeharibika, na hicho kitu kina jina.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo msinitafutie cheti cha uhandisi. Hii ni fizikia ya sekondari, ile ya presha ndani ya kioevu. Mafuta ya breki hayabanwi kirahisi. Ukikanyaga, masta silinda inayasukuma kwenye mapaipu, na presha inafika kwa magurudumu. Pedali ikiwa laini, kuna kitu kinachobanwa au kutanuka mahali hakifai: mara nyingi ni hewa, saa zingine ni hozi za raba zilizochoka. Ikizama polepole chini ya mguu, mafuta yanatoroka.

Na hiyo "inashika" ndiyo uongo mkubwa zaidi. Masta silinda ya gari zetu nyingi ina saketi mbili. Moja ikivuja, nyingine inabaki ikufae. Pedali inaenda mbali, gari inachukua umbali mrefu zaidi kusimama, lakini inasimama. Kwa hivyo inawezekana kabisa unazunguka Thika Road na nusu ya breki ukijisifu kwamba inashika. Hiyo nusu iliwekwa ikufikishe kando ya barabara siku mambo yameharibika. Haikuwekwa uendee kazi nayo miezi sita.

Kupima ni bure. Egesha pahali tambarare, zima injini, pampu mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu. Sasa kanyaga na ushikilie dakika moja, bila kuongeza nguvu. Rudia ukikanyaga kwa upole, juu sili zilizochoka saa zingine hujificha ukikanyaga kwa nguvu.

Inazama? Fungua boneti uangalie kiwango cha mafuta ya breki. Chungulia upande wa ndani wa kila gurudumu, mapaipu, na pale masta silinda inaposhikana na busta. Pakiwa na unyevu, umepata mvujo. Kama kila mahali ni pakavu na kiwango hakishuki, mshukiwa wa kwanza ni sili za ndani za masta silinda: mafuta yanapita kando yake na kurudi yalikotoka.

Haizami, lakini ni laini na inapanda ukipampu? Hiyo inanuka hewa. Breki ziblidiwe, halafu uliza hewa iliingilia wapi. Pedali iko chini lakini si laini, na nyuma una breki za drumu? Lainingi huenda zinataka kurekebishwa.

Ukiwasha injini mguu ukiwa kwa breki, pedali ikishuka kidogo halafu itulie, hiyo ni busta inafanya kazi yake. Usikubali kuuziwa kitu hapo.

Na kama breki ni sawa mjini lakini zinalegea ukiteremka Mai Mahiu, shuku mafuta yenyewe. Hunyonya maji polepole. DOT 3 mpya haifai kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa. Badilisha kila miaka 2 hivi.

Sasa nyinyi makanika. Wengi wenu ni moto, nawapa heshima zenu. Lakini yule wa kuuza pedi mpya kabla hajakanyaga hiyo pedali hata mara moja, anatupima mfuko, hapimi gari. Pedi zilizoisha peke yake hazifanyi pedali izame polepole chini ya mguu. Na yule wa kublidi gari nzee kwa kupampu hadi sakafuni, anasukuma sili hadi sehemu ya silinda yenye kutu, sehemu ambayo hazijagusa miaka. Zinakatika, halafu unauziwa masta silinda. Weka kipande cha mbao chini ya pedali, buda. Na mtu asimwage mafuta ya injini kwa chupa ya breki eti "ni ya kusukuma siku." Yanafurisha raba za mfumo mzima.

Wenye magari ya teksi, msijifiche. Dereva anasema breki zimelegea, unamwambia apampu, bora pesa yako ya siku iingie jioni. Huyo abiria kiti cha nyuma na mtoto mapajani hakukubali hiyo dili. Mwendesha boda aliye mbele yenu pia hakukubali. Hawakuulizwa.

Najua jibu litakuja: "Doh hakuna." Nakuelewa, mimi pia ni wa kuhesabu coins. Lakini wufa ulipata, rimu ulipata. Na kama kweli hakuna, gari ipakiwe. Matatu ziko, miguu iko.

Kupampu kuna siku yake. Breki zikikupotea barabarani, pampu haraka, punguza gia, vuta handibreki polepole, tafuta pa kusimamia. Ni ya dharura. Ukiifanya kila asubuhi, maana yake unaishi ndani ya dharura na umeizoea.

Jioni hii shikilia hiyo pedali dakika moja. Ikizama, usiitoe gari hapo. Na mtumie hii yule beshte wako wa "inashika" kabla wikendi hamjateremka Naivasha naye.