Sauti ya DVD ya harusi ichaguliwe kabla ya kuchoma

DVD ya video hupokea sauti za aina nne: PCM, yaani sauti isiyobanwa, Dolby Digital, ambayo kwenye programu nyingi za kutengenezea DVD huandikwa AC-3, MPEG, inayofahamika zaidi kama MP2, na DTS, ambayo fundi wa video za harusi hana haja nayo. MP3 haimo. Wimbo wa MP3 ukitiwa kwenye DVD ya harusi, lazima kwanza ugeuzwe kuwa mojawapo ya aina hizo, na programu hufanya hivyo yenyewe bila kumuuliza fundi. Ndiyo maana kazi nyingi huharibikia hapo. Picha hupangwa kwa makini, rangi hurekebishwa, majina ya maharusi hupambwa kwenye menyu, kisha sauti huachwa iende na mipangilio yoyote iliyokutwa humo. Na hali familia inapoketi kuitazama harusi ile baada ya miaka kumi, hamu yake kubwa ni kusikia: bibi alivyomuusia mjukuu wake, bwana harusi alivyojibu mbele ya sheikh au mchungaji, shangazi walivyopiga vigelegele.

Uamuzi wa kwanza ni kati ya PCM na AC-3, na unategemea urefu wa harusi. Diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba baiti bilioni 4.7. Sauti ya PCM ya chaneli mbili, biti 16 na kilohezi 48, hula kilobiti 1,536 kila sekunde. Harusi ya saa 3, iliyoanzia msikitini au kanisani ikaishia ukumbini, itatumia zaidi ya gigabaiti 2 kwa sauti peke yake, karibu nusu ya diski. Picha itabakiwa na kilobiti chini ya 2,000 kwa sekunde, na kwa kiwango hicho ukumbi wenye taa za rangi na watu wanaocheza huonekana umejaa vijiboksi. Sauti hiyohiyo ikiwa AC-3 ya kilobiti 256 hutumia megabaiti 350 hivi, na picha hupata karibu kilobiti 3,200. Hapo mshono wa gauni la bibi harusi unaonekana.

Kwa hiyo fundi anayechagua PCM kila mara kwa imani kwamba sauti isiyobanwa ndiyo bora, anamdhulumu mteja kwenye picha. PCM ina mahali pake. Shughuli isiyozidi saa moja, kama vile kasida za watoto wa madrasa au kwaya ya kanisa, huenea vizuri kwenye diski pamoja na PCM. Hata hapo pana mpaka: DVD hairuhusu picha na sauti kwa jumla kuvuka kilobiti 10,080 kwa sekunde, na baadhi ya deki za zamani hukwama kabla ya kufika huko zinaposoma diski ya kuchoma. Picha ikiwekwa kilobiti 6,000 hivi, deki hizo hupumua.

AC-3 nayo ina viwango vyake. Kwenye DVD kikomo ni kilobiti 448, lakini hicho ni kwa sauti ya chaneli sita. Kwa chaneli mbili, 192 inatosha maongezi na hotuba. Harusi yenye taarabu, matari na vigelegele inastahili 256. Kigelegele ni kipimo kizuri cha ubanaji wa sauti, kwa sababu ni sauti kali ya juu inayopanda ghafla na kutetemeka haraka. Kiwango kikiwa cha chini mno, makali yake huyeyuka yakawa kama mchanga unaomwagwa, na matari hupoteza mlio wa vijisahani vyake. Fundi anayetaka kujua kama kiwango alichochagua kinatosha asikilize sehemu hiyo kwa hedifoni, wala asitumie hotuba ya mshenga.

MP2 inasikika vizuri kuanzia kilobiti 224, na deki za nchi zinazotumia PAL, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uingereza na Oman, zinatakiwa kuimudu. Tatizo ni ndugu walioko Marekani na Kanada. Huko mfumo ni NTSC, ambao kwa diski zake DVD inadai PCM au AC-3, na deki haikulazimishwa kuielewa MP2. Mjomba wa Minnesota anaweza kuona harusi nzima bila kusikia neno, na hiyo ni kama picha yenyewe imetayarishwa kwa NTSC, maana deki nyingi za huko hazisomi PAL. Miaka ya nyuma mafundi walikuwa na udhuru, kwa kuwa programu za bei nafuu na za bure ziliikwepa AC-3 kwa sababu ya leseni. Siku hizi hata DVDStyler, ambayo ni ya bure, inayo.

Ndani ya AC-3 kuna mipangilio miwili ambayo wengi hawaifungui, nayo ndiyo chanzo cha lalamiko la kila siku kwamba DVD ina sauti ndogo. Wa kwanza ni wa kiwango cha maongezi. Huandikwa kwa namba hasi, na programu kadhaa huja zikiwa zimeuweka kwenye -27. Namba hiyo huiamuru deki ipunguze sauti kwa desibeli 4. Ikiwekwa -31, deki haipunguzi kitu. Wa pili ni ule unaosawazisha sauti kubwa na ndogo, na mara nyingi hukutwa umewekwa kwa ajili ya filamu za sinema. Harusini matokeo yake ni mabaya: MC akipaza sauti, muziki wote hushuka ghafla, akinyamaza, mvumo wa mafeni ya ukumbi hupanda juu. Uzimwe.

Kupanua sauti ya chaneli mbili ili iwe chaneli sita, kwa sababu tu mteja ana sabufa na spika tano nyumbani, hakuongezi chochote kilichorekodiwa. Mara nyingi maneno ya watu hutawanyika yakawa hayasikiki vizuri.

Masafa ya sampuli hayana mjadala: DVD ya harusi ni kilohezi 48. Nyimbo zilizotoka kwenye CD ni 44.1, na zinapaswa kugeuzwa kwa njia sahihi. Zikisomwa kimakosa kana kwamba ni 48, saa moja ya muziki huisha katika dakika 55, na mwimbaji huimba kwa sauti ya kitoto. Kamera za mkanda wa MiniDV zina mtego mwingine. Nyingi zinaweza kurekodi kwa biti 12 na kilohezi 32, au kwa biti 16 na kilohezi 48. Kilichorekodiwa kwa 32 hakirudishiwi ukali wake kwa kugeuzwa kuwa 48, kwa hiyo swichi hiyo ikaguliwe kabla ya kwenda shughulini. Na maiki ya nje ikiwa imeingia upande mmoja tu, sauti inakiliwe upande wa pili, isije familia ikadhani spika ya runinga imeungua.

Jaribio la mwisho lifanywe kwa diski ya kufutika, kwenye deki ya kawaida na spika za runinga yenyewe. Kompyuta husoma karibu kila kitu, hivyo haiwezi kumwonyesha fundi tatizo atakalolikuta mteja.

Baada ya hapo limebaki faili la awali. AC-3 na MP2 hutupa sehemu ya sauti ili kuokoa nafasi, na kilichotupwa hakirudi; nazo diski za kuchoma huchubuka na kuchakaa. Kila mwenye harusi amdai fundi wake sauti ya PCM iliyotoka kwenye kamera, pamoja na picha zake, ndani ya flashi au diski kuu ya nje, na dai hilo liingizwe kwenye makubaliano kabla ya malipo ya awali kutolewa.