Tumpime mgombea kwa kifungu cha 220

Ndugu vijana, hapa Kiambi tunaulizana: kati ya wagombea urais, nani si tishio kubwa kwa uhuru wetu? Tusimpime kwa kabila wala kwa fulana anazogawa. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 220, inakataza kubadili idadi na muda wa mihula ya Rais, na kupunguza haki na uhuru wa mtu. Anayetaka kukigusa, hata akisema kwa upole, huyo tumwogope zaidi. Tarehe 31 Desemba 2017 waamini waliandamana Kinshasa wakidai uchaguzi uliocheleweshwa, wengine waliuawa. Tukibadilisha kura kwa fulana, tumeuza kile walichokifia. Tumchague aliye tayari kuondoka muda wake ukiisha.