Pete ya Sinj: vita viliisha, maneno yakabaki

Huko Kroatia kuna mji mdogo uitwao Sinj, nyuma ya milima ya pwani ya Dalmatia, si mbali na bandari ya Split. Kila mwaka, mwezi wa Agosti, wenyeji hucheza Alka. Mpanda farasi aliyevaa mavazi ya kale hutimua mbio, mkuki mkononi, akilenga pete ya chuma iliyoning'inizwa kambani. Akilipata duara la kati ana pointi 3. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliutia mchezo huu katika orodha yake ya turathi za wanadamu.

Msomaji Mwislamu huenda akakunja uso akielezwa asili yake. Alka ni ukumbusho wa Agosti 1715, jeshi la Waturuki lilipouzingira mji likashindwa. Waturuki waliutwaa Sinj mwaka 1513, na Venice ikawanyang'anya mwaka 1686. Katika gwaride huongozwa farasi asiyepandwa na mtu, badala ya yule wa pasha aliyetekwa. Je, hii si sherehe ya kutucheka?

Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipoyatazama maneno yao. Jina lenyewe, alka, limetoka kwa Waturuki, nao walilipata kwa Waarabu: halqa, yaani duara. Ni neno lile lile la wanafunzi wanaomzunguka sheikh msikitini. Farasi yule wa pasha huitwa edek, neno la Kituruki. Kiongozi wa vijana waendao kwa miguu ni arambaša, yaani mkuu wa maharamia. Na haramia, ndugu msomaji, ni neno letu pia. Kumbe adui alifukuzwa, lugha yake ikapewa kiti cha mbele!

Tusiwashangae. Sisi Mreno tulimtoa Ngome ya Yesu mwaka 1698, na hadi leo twala mezani, twajifunga leso na kupandisha bendera, maneno yake yote matatu.

Hata hivyo, kumbukumbu ni kama moto wa jikoni: hupika, na huunguza. Waislamu wa Bosnia ni Waslavi, lugha yao yakaribiana mno na ya Wakroati, lakini katika vita vya 1992 hadi 1995 maadui zao waliwaita "Waturuki", kana kwamba walikuja jana na jeshi la pasha. Tarehe 9 Novemba 1993 mizinga ya Wakroati wa Bosnia iliangusha daraja la Mostar, lililojengwa na Waturuki mwaka 1566. Lilijengwa upya mwaka 2004.

Kwa upande mwingine, bunge la Zagreb liliutambua Uislamu kisheria mwaka 1916. Zagreb ikapata msikiti wake mkubwa mwaka 1987, na Rijeka mwaka 2013. Basi Kroatia si nchi ya sura moja.

Kwa maoni yangu, watu wa Sinj wana haki ya kuwakumbuka babu zao waliolinda nyumba zao. Kosa ni kumtwika jirani wa leo deni la pasha wa 1715. Mkuki ukiilenga pete, huo ni mchezo. Ukimlenga jirani, ni vita vingine.