Mgeni Nyuma ya Jiko

Nataka kutoa maoni yangu katika kurasa zetu za Kiswahili juu ya jambo lililonipata nyumbani. Najua wako watakaonicheka, na wana haki yao. Lakini nadhani si mimi peke yangu niliyefanya kosa hili, ila wenzangu hawajapata kuliandika.

Maoni yangu ni haya. Mmea usiojulikana ukiota bustanini kwetu, sisi wanafunzi tusiupe jina kabla hatujaona ua lake, wala kabla hatujawauliza wanaolima pale. Na mkulima wa siku nyingi akisema haujui, basi neno lake hilo lipewe uzito kuliko jina lo lote tulilolikumbuka kutoka kitabuni.

Kwetu ni upande wa mashariki wa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Nyuma ya jiko mama yangu ana bustani ndogo yenye mchicha, ambao wengi wetu twauita dodo, na sukuma wiki, vitunguu, na mistari miwili ya maharagwe. Mwezi wa Aprili 2023 baba alinunua lori moja la mchanga kwa kujenga jiko jipya, nao ukamwagwa kando ya bustani ile. Nilipokuja likizo mwezi wa Mei, mchanga ulikuwa umekwisha kutumika, na mahali ulipokuwapo pameota mimea kama ishirini hivi ya namna moja. Majani yake yalikuwa yamelala chini, yamezunguka kama sahani, nayo yamekatikakatika mfano wa majani ya karoti.

Kila mtu akasema lake. Dada yangu mdogo alisema ni karoti, akang'oa mmoja, asione kitu ila mzizi mwembamba. Baba alisema ni maua, mbegu zake zimeletwa na kuku wa jirani. Binamu yangu akatoa simu yake akaupiga picha, na simu ikatupa majina matatu, kila moja na asilimia yake, kama karatasi ya mtihani. Bibi yetu, mzaa baba, ambaye amelima ardhi ile tangu alipoolewa, aliinama, akachuma jani, akalifikicha, akanusa. Akasema, "Hili silijui." Kisha akarudi kivulini kuchambua maharagwe yake.

Hakuna aliyemjali. Tulidhani mzee amechoka.

Ndipo nikasema mimi. Muhula ule mwalimu wetu alikuwa ametusimulia habari za Tu Youyou, yule mama wa Uchina aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, kwa kuwa mwaka 1972 yeye na wenzake walipata dawa ya malaria katika mmea uitwao atemisia. Kitabuni tulionyeshwa picha ya atemisia, na majani yake yamekatikakatika vivyo hivyo. Basi nikasimama mbele ya wote nikasema, "Hii ni atemisia. Hii ni dawa ya homa." Wasomaji mnajua jinsi neno la mwanafunzi wa sekondari lipokewavyo nyumbani. Baba hakubisha. Mama alifurahi mno, akaizungushia mimea ile vijiti ili mbuzi wasiifikie. Nami nikarudi shuleni nimejaa fahari.

Mwezi wa Agosti nilikuta kichaka kinachonifika kifuani, kimejaa viua vyeupe vidogo kama punje za mtama. Mikono ya mama, toka vidoleni hata viwikoni, ilikuwa imetoka vipele, naye anajikuna. Na habari niliyopewa ndani ya nyumba ilikuwa mbaya zaidi. Mwezi wa Julai bibi alipatwa na homa. Badala ya kumpeleka kituo cha afya, walichemsha majani yale wakamnywesha asubuhi na jioni, siku mbili, maana dawa si ipo nyuma ya jiko? Siku ya tatu hakuweza kuketi. Wakamchukua kwa bodaboda, dada amemshika kwa nyuma asianguke. Damu ikapimwa, ikaonekana malaria, akapewa vidonge, akapona. Hakuna aliyenilaumu hata mmoja. Bibi mwenyewe alisema tu kwamba chai yangu ilikuwa chungu sana.

Sasa nilitaka kujua ni kitu gani. Nilikata tawi lenye ua, nikalitia ndani ya gazeti, nikaliweka chini ya sanduku la vitabu, na muhula ulipofunguliwa nikampelekea mwalimu wetu wa Bayolojia. Aliligeuza, akalitazama kwa lenzi, akasema, "Siujui mmea huu. Lakini si atemisia." Napenda kumsifu kwa neno hilo la kwanza. Mwalimu mwingine angaliona haya kulisema mbele ya darasa. Akanionyesha kwamba ua la atemisia ni dogo, la manjano, nalo hulewalewa kuelekea chini. Hili ni jeupe, limeelekea juu, na ukilitazama vizuri lina pembe tano. Shina la mmea wangu lina mifereji na vinyweleo. Tena atemisia ukifikicha jani lake hutoa harufu kali ambayo huwezi kuisahau. Nikakumbuka bibi alivyofikicha na kunusa. Yeye alifanya kwa nusu dakika kazi niliyopaswa kuifanya mimi.

Jumamosi ile tukaenda pamoja kwa afisa wa kilimo wa gombolola. Yeye hata hakulifungua gazeti lote. Alipoona ua tu akasema, "Umelitoa wapi?" Nikamwambia. Akauliza, "Mlileta mchanga?"

Jina lake la kitaalamu ni Parthenium hysterophorus. Linnaeus ndiye aliyelitia katika vitabu mwaka 1753, na neno la kwanza latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mwanamwali. Asili yake ni Amerika, pande za Meksiko na nchi za jirani. Katika miaka ya 1950 lilionekana Australia na India, na Wahindi wakaliita nyasi ya karoti, kwa hiyo dada yangu hakuwa mpumbavu. Ethiopia lilienea tangu miaka ya 1980. Hapa Uganda lilitambuliwa mwaka 2008, na huko Arusha, Tanzania, mwaka 2010. Husafiri ndani ya mchanga na kokoto, katika matope ya magurudumu, katika nafaka na majani ya mifugo. Mmea mmoja mkubwa waweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000, na zile zilizofukiwa hukaa udongoni miaka kadhaa zikingoja mvua. Ndani yake mna sumu inayozuia mimea mingine kukua, ndiyo sababu maharagwe ya mama ya upande ule yalidumaa. Anayeligusa mara kwa mara hutoka vipele, na vumbi la maua yake huwaletea wengine pumu. Ng'ombe akilila, maziwa yake huwa machungu.

Wakulima wa Harerge, Ethiopia, hawakuliita mwanamwali. Wao huliita faramsisa, yaani tia sahihi uiache ardhi yako. Kwangu naona hao ndio waliolijua.

Sasa nirudi kwa maoni yangu, maana sikuandika ili nisimulie aibu tu.

Wako watakaosema kwamba kosa ni kuacha simu, kwamba tungaliifuata simu tungalipona. Nami nawauliza, tungalifuata jina lipi katika yale matatu? Mmea ule ulikuwa mchanga, bado majani matupu, na majani yaliyokatikakatika yako kwa mimea mingi sana, ya chakula, ya dawa na ya sumu. Simu ilipewa jani moja la picha, haikunusa, haikuona shina, haikuuliza habari za mchanga. Sisemi simu haifai. Nilipolipiga picha ua lenyewe baadaye, jina la kweli lilitokea la kwanza. Lakini alipaswa kuwapo mtu wa kungoja hilo ua, na mtu wa kungoja hakuwapo.

Wako wengine, na hasa baadhi ya wazee waliosoma hapa zamani, hupenda kutuambia kwamba wazee wa vijijini wanajua kila jani. Hilo nalo si kweli, na katika jambo hili lingetupoteza. Bibi yangu hakujua, wala hakuweza kujua, kwa kuwa gugu hili halikuwapo alipokuwa msichana. Lakini fikirini: mtu anayelijua kila gugu la shamba lake, mwenye kuweza kukutajia ni lipi laliwa wakati wa njaa, lipi laua kuku, lipi hutangulia mvua, mtu huyo akisema "hili silijui", amekwambia nini? Amekwambia kwamba ni geni. Amekwambia kwamba limeletwa. Ukijua kwamba limeletwa, utauliza limeletwa na nini, utatazama mahali lilipoota, na utaona mchanga. Afisa wa kilimo alilifikia jambo hilo kwa swali moja. Sisi tulipewa jibu siku ya kwanza kabisa, tukalipita, kwa sababu lilikuwa na umbo la ujinga.

Tena hata kama ningalisema kweli, na mimea ile ingalikuwa atemisia yenyewe, bado nisingalikuwa na ruhusa ya kumwacha mgonjwa nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba halikubali majani au chai ya atemisia kutumiwa badala ya dawa zilizopimwa. Tu Youyou hakupewa tuzo kwa kuchemsha chai.

Kulikuwa na jambo moja gumu zaidi kuliko hayo yote. Mama alikuwa amewagawia miche majirani wawili. Wa kwanza alinisikiliza akang'oa siku ile ile. Wa pili, mama mmoja ambaye mwanawe nilisoma naye shule ya msingi, alikataa. Alisema, "Mwanangu, mwezi wa tano ulisema ni dawa. Sasa wasema ni sumu. Ukirudi Krismasi utasema ni nini?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu nilimchukua mama yangu, akakunja mikono ya gauni lake akamwonyesha vipele. Hapo akakubali, lakini maua yalikuwa yamekwisha kupukutika.

Kwa hiyo naleta shauri mbele ya Chama chetu cha Sayansi, na mbele yenu mliotutangulia. Shule yetu ina kabati la vipepeo na kichwa cha kiboko, lakini haina kitabu cha mimea. Kila mwanafunzi na alete kila likizo mmea mmoja kutoka kwao, umekaushwa ndani ya gazeti, wenye shina, jani na ua, na mzizi kama yawezekana. Aandike mahali, tarehe, kimo, harufu, kama watoa maziwa ukikatwa, na kama uliota wenyewe au ulipandwa. Aandike jina ambalo watu wa kwao huuita, kwa lugha yao wenyewe. Na kama hawana jina, aandike vivyo hivyo kwamba hawana, tena kwa wino mwekundu, maana karatasi hizo ndizo za kuangaliwa kwanza. Tutakazoshindwa tuzipeleke Chuo Kikuu cha Makerere, ambako wamehifadhi mimea mikavu ya nchi hii kwa miaka mingi. Nanyi wazee wetu wa shule mlioko Mbale, Soroti, Kisumu na kwingineko, msione haya kutuletea magugu. Mkiona lile la viua vyeupe vyenye pembe tano, mling'oe udongo ukiwa na maji, kabla halijachanua, na mikono mmeivika glavu au mifuko ya nailoni. Likiwa limekwisha kuchanua msilikokote njiani. Lifungeni mfukoni pale pale lilipo, kisha mlichome.

Nyumbani kwetu bado lachipua kila mvua, hasa mahali palipokuwa na mchanga. Bibi ndiye mlinzi wake. Ameniagiza niandike hapa kwamba majina ya magugu ya kwetu yu tayari kuyataja yote, ila atakayekwenda achukue daftari kubwa, na aende asubuhi, kwa kuwa jioni macho yake hayaoni vizuri.