Taa Ipo, Trafiki Yupo, Foleni Ipo Palepale



Mimi nimekulia Kimamba, Kilosa. Kule kinachosimamisha watu ni treni ya reli ya kati. Mabehewa yakiisha, wenye baiskeli wanavuka. Hakuna anayegombana na treni, maana kila mtu anajua itaisha lini.

Jumatatu nilikuwa kwenye daladala hapa Dar, nakimbilia mkutano wa waandishi. Makutano yenyewe siyataji. Taa yetu ikawaka kijani, trafiki akanyoosha mkono: simameni. Ikaja nyekundu, kijani tena, nyekundu tena. Nilihesabu kwenye simu, dakika 11. Konda akasema, "Si bora hizo nguzo tuanikie nguo?" Gari zima likacheka. (Mhariri wangu hakucheka.)

Tusikimbilie kumlaumu trafiki. Taa iliyopangiwa sekunde zilezile kutwa nzima haijui kwamba saa 1 asubuhi watu wote wanaelekea mjini. Yeye anaiona foleni kwa macho, anaamua kuimaliza. Kinachomwangusha ni hesabu. Magari yakifuatana vizuri, njia moja hupitisha gari moja kila sekunde mbili hivi. Msururu uliokuwa unasubiri ukishaisha, yanayofuata yanakuja kwa mapengo, barabara inapitisha hewa, huku upande wa pili foleni inarudi nyuma mpaka inaziba makutano mengine. Kubadilisha harakaharaka nako ni hasara, kwa kuwa kila zamu sekunde kadhaa zinapotea. Mwingereza Webster alichapisha kanuni ya kukokotoa muda huo mwaka 1958, na wahandisi wanajua mzunguko mzima ukizidi dakika mbili, faida yake ni ndogo mno. Sisi tulikaa 11!

Tumejenga, nakubali. Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa 2018, la Kijazi pale Ubungo 2021. Lakini ukishashuka darajani unakutana na taa inayofuata, na hiyo haihitaji zege. Inahitaji watu wa kuhesabu magari asubuhi, mchana na jioni, kisha kila kipindi kipewe sekunde zake, na hesabu irudiwe mji unapobadilika. Barabara kuu ziko TANROADS, za mitaa TARURA, anayechomwa na jua ni polisi. Hao watatu wakae meza moja, trafiki abaki kwa ajili ya ajali na taa mbovu.

Na hili si la sisi tunaochelewa kazini tu. Siku hiyohiyo mwanafunzi wa shule ya msingi aliona taa ya waenda kwa miguu imewaka kijani, akaingia barabarani kama alivyofundishwa. Trafiki alikuwa ameshayaruhusu magari kwa mkono. Bodaboda ilimkwepa, kiatu kimoja kikabaki katikati ya lami. Ukiwa mzazi wake, jioni ile ungemwambia afuate nini, taa au mkono?